Kabati la Wavu na Kochi la Kona

Jumamosi, 8 Machi

Leo kochi limeondoka. Mwalimu mmoja wa mtaa wa Noonkopir aliliona kwenye tangazo langu, akaja na mkokoteni, akalichukua. Majirani walitoka kutazama kama vile kuna harusi. Mimi nilishikilia mlango usijifunge na kuimba wimbo wa kanisani, ule wa furaha.

Nilimpigia mume wangu, Obura, simu kumpa habari. Yuko Kimana, anasimamia shamba la watu la vitunguu, na huja nyumbani wikendi, ila hii amezuiwa na mavuno.

"Sasa nikija nitakaa wapi?" akauliza.

"Utakaa kwa adabu," nikamjibu.

Naandika haya ili nikumbuke nyumba hii ilianzia wapi, maana itakakofika nakujua. Nina miaka arobaini na mbili, ni karani wa zahanati, nina mume mmoja na binti mmoja, Hawi, aliye shule ya bweni. Tumepanga sebule, chumba cha kulala, na jikoni ambamo ukitaka kugeuka na sufuria lazima kwanza umwombe mwenzako atoke. Kila nyumba ninayoingia Kitengela ni ileile: kochi kubwa kuliko mlango, ua la plastiki, runinga ukutani, vitambaa juu ya kila kitu hadi juu ya vitambaa. Mimi nataka nyumba yenye umri. Nataka mbao iliyoguswa na mikono ya watu na chuma kilichofanya kazi.

Kikwazo ni mwenye nyumba, Mzee Githongo. Siku tuliyohamia alipapasa kuta zote kwa kiganja, kisha akaniambia, "Mama Hawi, kwa nyumba yangu hakuna msumari. Msumari ikiingia, deposit inatoka." Basi sitapigilia hata mmoja. Nimenunua ngazi kuukuu ya mbao, nimeiegemeza ukutani, na kila kipago kitabeba kitu. Mwerevu hapigi ukuta, anauzunguka.

Jumapili, 9 Machi

Vumbi. Mvua inanguruma upande wa Ngong na haiji.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimepata mchumba.

Nilikuwa nimeshuka Kajiado kumwona mgonjwa, na wakati wa kurudi nikapita nyuma ya soko la mifugo, mahali mzee mmoja aitwaye Lesiamon huuza vitu vya nyumba za zamani zilizobomolewa. "Takwenya," akanisalimu. "Iko," nikaitika, na macho yangu tayari yamemruka yakaenda nyuma yake. Pale, chini ya turubai, lilisimama kabati la wavu. Ni lile kabati la zamani la kuwekea nyama na maziwa kabla watu hawajajua friji: milango miwili ya wavu wa chuma, miguu minne mirefu ili siafu wasipande, na sehemu ya juu ya mbao nzito. Ndani yake alikuwa amelala kuku.

"Mama, hii si kabati," Lesiamon akasema. "Hii ni nyumba ya huyu kuku."

"Ana mkataba?"

Mzee akacheka mpaka akashika fimbo. "Watu wa Kitengela wananunua vitu mpya. Wewe uko na shida gani?"

Nikamwambia shida yangu ni macho, yanaona mbali. Tukapatana. Kuku alihamishiwa kwenye karai na mayai yake, akatulalamikia sote wawili. Kabati likaja nyumbani juu ya pikapu iliyobeba majani ya ng'ombe, nami nikiwa nimeketi mbele nimejaa kiburi. Limepakwa rangi ya kijani juu ya buluu juu ya kijivu, na linanuka kinyesi cha kuku. Sijawahi kupenda kitu hivi tangu Obura.

Jumatano, 19 Machi

Mvua ya kwanza. Udongo mweusi umeanza kushika viatu.

Jumamosi, 22 Machi

Nimepiga msasa tangu asubuhi. Chini ya kijani, buluu. Chini ya buluu, kijivu. Chini ya kijivu, mvule! Mvule mwekundu, wa kale. Nilipiga kelele, Obura akatoka bafuni na sabuni masikioni akidhani nimekatwa.

Fundi Mburu, seremala wa karibu na stendi, amenirudishia viti viwili vya kamba nilivyompa asuke upya. Vilevile amenitengenezea meza kwa miguu ya chuma ya cherehani ya zamani. Alipouona mvule wangu aliupiga kwa kidole, akasema, "Hii ukichoka nayo, usimwambie mtu mwingine. Niambie mimi." Nimelala na maneno hayo kama mtu aliyesifiwa mtoto.

Jumamosi, 29 Machi

Chama kwa Mumbi.

Chama chetu kina sheria yake. Kila mwisho wa mwezi tunakula kwa mmoja wetu kwa zamu, na wote tunamletea kitu cha nyumba. Mwenyewe haulizwi anataka nini. Hutumwa jicho, yaani mtu anayepita kwako kama hana habari, anatazama unachokosa, anapeleka ripoti. Na kitu kikiletwa hakikataliwi. Mumbi ndiye mwenyekiti wetu, mama wa duka la vifaa vya ujenzi, mwenye sauti ya kuita lori. Kwake kila kitu kinang'aa mpaka unaogopa kukohoa. Tulimpelekea jiko la gesi, ingawa alikuwa nalo jingine.

Kavutha alikaa karibu nami. Yeye hupanga maua katika shamba moja la Isinya, mjane, mnyamavu, hula polepole. Hakuna aliyewahi kufika kwake. Zamu yake ni Mei, yangu ni Juni. Niliketi kwenye kochi la Mumbi linalolia kila ukisogea, nikafurahi kimoyomoyo. Juni, wanawake hawa watajua nyumba ni nini.

Jumapili, 6 Aprili

Nimepata pasi ya makaa na birika la enameli. Ngazi imeanza kupendeza.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua kubwa, stima imepotea tangu saa sita. Nilikuwa na ruhusa ya nusu siku, basi nikawasha taa yangu ya chemni, ile kuukuu ya mafuta, nikavaa shati la Obura lililochanika mgongo, nikaketi sakafuni kukwaruza mguu wa kabati. Mlango ukabishwa. Kavutha, ameloa chapachapa. Alikuja mjini kununua uzi, mvua ikamshikia stendi.

Nilimpa kanga ajifute, nikamkalisha kwenye kigoda, nikammiminia chai katika kikombe cha enameli chenye ukingo wa buluu. Akakishika kwa mikono miwili. Akaitazama taa. Akatazama pale palipokuwa kochi. Akanitazama mimi, shati na yote.

"Mama Hawi, ni kwema?"

"Kwema kabisa!"

"Baba Hawi anakuja nyumbani lakini?"

"Kila Ijumaa, kama kodi."

Hakucheka. Alikunywa chai yote, akanishika mkono kwa muda mrefu, akaenda. Nikafikiri: hata Kavutha nyumba imemgusa! Kama Kavutha mnyamavu ameguswa, Mumbi atalia machozi.

Jumapili, 13 Aprili

Kanisani wameombea "familia moja kati yetu inayopita katika bonde." Niliitikia amina kwa nguvu. Mumbi, mbele yangu, aligeuka akanitazama kwa upole usio wake.

Jumatano, 16 Aprili

Nimekuta mlangoni unga, sukari na mafuta ya kupikia ndani ya mfuko, na karatasi: Mungu si Athumani. Nimewapelekea watu wa mlango wa pili nikidhani mletaji amekosea nyumba.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Niko na hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Jana Obura alipokea simu, akatoka nje kuzungumza, akarudi ameshika mbavu. Aliyepiga ni mume wa Mumbi. Alikuwa anataka kujua, mwanamume kwa mwanamume, kama kazi ya Kimana iliisha, na kama ni pombe aseme tu, kuna wazee wa kanisa wanaoweza kukaa naye. Watu wamesikia tumeuza kochi. Watu wamesikia tumekatiwa stima, tunawasha taa ya mafuta. Watu wamesikia mke wa Obura ameonekana sakafuni, nguo imemchanika, anachanja ubao wa kuni.

Obura alicheka mpaka akalala mkekani. "Kuni! Mvule wako ni kuni!"

Mimi sikucheka. Nani aliniona sakafuni? Mmoja tu. Nilimpa kanga yangu nzuri, nikampa chai, naye akaenda kunitangaza mji mzima. Kavutha! Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga hawakukosea.

Obura aliponiona machozi aliacha kucheka. "Si upige simu tu uwaambie?"

Sipigi. Nikisema sasa kwamba mimi si maskini, watasema ni aibu inazungumza. Wataona kwa macho yao. Juni si mbali.

Jumamosi, 26 Aprili

Chama kwa Makena. Waliniwekea kipaja cha kuku bila kuniuliza, na kingine juu yake.

Kisha Mumbi akatangaza mabadiliko: "Mwezi wa tano tutaenda kwa Mama Hawi. Kavutha ameomba wabadilishane."

Nikamgeukia Kavutha, akainamisha kichwa. Basi nikaelewa. Hakutosheka kunisema, sasa anataka wote waje waone kabla sijamaliza, kabati likiwa nusu uchi na viti viwili tu. "Sawa," nikasema. "Karibuni sana." Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumapili, 4 Mei

Nimepaka vanishi mkono wa kwanza. Inang'aa! Obura amejiangalia humo akachana ndevu.

Jumatano, 14 Mei

Mvua imeingia ndani. Ilipita chini ya mlango, nyeusi, ikiwa na nyasi na kandambili ya mtu. Mimi na jirani tulifagia maji huku yakirudi. Kabati nililipandisha juu ya matofali kwa nguvu ambazo sijui zilitoka wapi. Sakafu ilikauka kufikia adhuhuri, lakini unyevu umeshika vanishi, na mvule wangu mzuri umefunikwa na weupe kama uji uliomwagika. Nimekaa nimelitazama nikalia wazi, kwa sauti. Kisha nikatafuta msasa.

Ijumaa, 16 Mei

Nakwaruza.

Jumamosi, 17 Mei

Nakwaruza. Obura pia, bila kuambiwa.

Alhamisi, 22 Mei

Mzee Githongo alikuja kukagua kama maji yameharibu ukuta wake. Alipapasa kila mahali akitafuta misumari. Hakupata. Akaitazama ngazi yenye pasi, birika na taa. Akaitazama meza ya cherehani. Akalitazama kabati, ambalo leo limekubali vanishi na kutulia. Akaketi kwenye kiti cha kamba, yeye ambaye hajawahi kuketi kwa mpangaji.

"Hii nyumba ni yangu kweli?" akauliza.

"Kuta ni zako, Mzee. Zilizobaki ni zangu."

Nimeanza kutunga hotuba ya siku ya chama. Naijaribia jikoni: "Akina mama, nashukuru kwa huruma, lakini huruma hupelekwa kwenye matanga." Ina makali. Naipenda.

Ijumaa, 30 Mei

Samaki wamefika, wakubwa. Chapati nitaanza alfajiri. Kila wavu wa kabati umepigwa brashi. Nimesimama mlangoni kama mgeni nikaangalia ndani, na nasema bila haya: hakuna nyumba nzuri kuliko hii kutoka Athi River hadi Namanga.

Jumapili, 1 Juni

Jana sikuweza kuandika. Leo nitaandika yote.

Walikuja mchana, wameshika sketi juu kwa sababu ya matope, viatu wakaviacha nje. Waliingia mmoja mmoja. Nilisimama kando ya kabati na kungoja. Nilikuwa nimengoja tangu Machi.

Hakuna aliyelisifu. Waliketi walipopata, wengine kwenye mkeka, wakaangalia chini kama watu walioingia chumba cha mgonjwa. Makena aligusa ngazi, akauondoa mkono haraka. Nililisha watu. Walikula samaki wakisema "pole kwa kazi" kwa sauti ambayo ilikuwa na pole nyingi kuliko kazi. Kavutha alikaa karibu na mlango, kwenye kigoda kilekile.

Baada ya chai Mumbi akasimama.

"Mama Hawi, sisi si watu wa maneno mingi. Wewe hukutuambia, lakini tuko na macho. Kuanguka ni kwa kila mtu. Basi tumesema, dada yetu hawezi kukaa hivi na sisi tuko. Mumo! Lete!"

Nje kulikuwa na pikapu, na mimi katika shughuli zangu za samaki sikuwa nimeiona. Mumo, dereva wa duka la Mumbi, alikuwa akifungua turubai, na chini yake lilikuwepo kochi la kona, la rangi ya maziwa, bado katika plastiki. Wanawake walianza kupiga vigelegele. Walikuwa wamechanga zaidi ya kawaida, kila mmoja, kwa ajili yangu. Mumo akaja na mwenzake wakiwa wamebeba kipande cha kwanza, kikakwama mlangoni, kikapita kwa kulazimishwa. Kikajaza sebule yote. Kipande cha pili kilikuwa bado nje.

Mumo akakuna kichwa. Akashika kabati langu kwa pembe mbili. "Madam, hii mbao ya zamani tutoe wapi? Kuna mtu huokota kuni hapa?"

"Weka chini!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Kabati likatua. Vigelegele vikakatika. Nami nikaanza ile hotuba, yenye makali yote, na nyingine ambayo sikuwa nimeitunga.

"Hapa hakuna maskini! Mume wangu hajafutwa kazi, hanywi, stima ilipotea mtaa mzima. Kochi nililiuza kwa sababu silipendi. Hii si kuni, ni mvule, nimeupiga msasa kwa mikono hii mara mbili. Kila kitu hapa nimekichagua! Nashukuru kwa huruma, lakini huruma hupelekwa kwenye matanga. Na huyo aliyekunywa chai yangu akaenda kunitangaza, angeniuliza tu, ningemjibu!"

Nikamtazama Kavutha. Wote wakamtazama.

Kavutha akainuka. "Nisamehe, Mama Hawi," akasema, kwa sauti ambayo karibu isisikike. Akashika mkoba wake, akapita katikati ya watu kwenda jikoni, kwa sababu mlangoni Mumo alikuwa ameziba.

Mumbi hakupaza sauti. Hilo ndilo lililonitisha.

"Mama Hawi, ngoja nikuambie. Hii kiti haikuwa yako. Ilikuwa ya Kavutha. Mwezi wa tano ni wake, tulikuwa tumeshaamua, tumelipa na fundi, na yeye alikuwa amesikia. Yeye ndiye alikuja kwangu kwa mvua, analia, anasema peleka kwa Mama Hawi kwanza, ako na mtoto wa shule na hana mahali pa kukaa. Akasema, mimi nitangoja. Nikamwambia, Kavutha, tunaweza kupeleka sufuria. Akakataa. Akasema, hapana, ile kiti."

Niliketi. Niliketi juu ya kochi lile lenye plastiki, maana ndilo lililokuwa nyuma ya miguu yangu, nalo likalia. Wiki zote hizi nilikuwa nimemchukia mtu aliyenipa kiti chake.

Nikaenda jikoni. Kavutha alikuwa ameanza kuosha vikombe. Jikoni yangu haina nafasi ya watu wawili waliokosana, basi tulisimama bega kwa bega.

"Kavutha, nimekukosea. Mbele ya watu. Nimekukosea vibaya."

"Si kitu." Akageuza kikombe, akakifuta ukingo wa buluu. "Lakini mimi sikuwa nakutangaza. Niliona taa. Niliona kistuli, hizi vikombe, na wewe umekaa chini. Mimi najua hizo vitu, Mama Hawi. Kwangu ndizo ziko. Na mimi sikuzichagua."

Nilishika kikombe kingine, nikakifuta.

Kavutha akaniangalia upande. "Kwani unazipenda kweli? Ama ni aibu ulikuwa unaficha?"

"Nazipenda kweli."

"Hata taa?"

"Hata taa."

"Hiyo moshi yote?" Akaanza kutabasamu. Kisha akacheka, Kavutha ambaye sijawahi kumwona meno, akacheka mpaka akaegemea sinki. "Aki ya nani, watu wako na raha. Sasa kama unapenda, si uje kwangu uone. Zimejaa!"

"Nije lini?"

Akaacha kucheka. Akaifikiria. Akanyoosha kitambaa chake cha kichwa. "Hata leo. Kiti iko kwa gari."

Nilitoka jikoni nikamwambia Mumo arudishe kipande kwenye pikapu. Mumbi akafungua mdomo kunikumbusha sheria, kwamba kitu kikiletwa hakikataliwi. "Sijakikataa," nikamwambia. "Nimekipokea, ni changu, na sasa nampelekea mwenye zamu." Akafikiri. Akasema, "Haya, beba chapati." Njiani akanishika bega akaninong'oneza kwamba kabati ni zuri, alikuwa tu anaogopa kulisifu nisije nikadhani ananicheka.

Kwa Kavutha ni Isinya, ndani kidogo, kwenye ploti ambazo nguzo za stima zimepita mbali. Nyumba ni ya mabati, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia lililotariziwa maua, kazi ya mkono wake. Sakafu ni ya udongo, imefagiwa hadi inaonyesha mistari ya ufagio. Alitangulia kuingia, akageuka, akasimama mlangoni, shingo juu.

"Karibuni kwangu," akasema. Nimewahi kukaribishwa katika nyumba kubwa, sijawahi kukaribishwa hivyo.

Kochi liliingia bila kukwama, maana mle ndani palikuwa wazi. Jua lilikuwa linazama, akawasha taa. Taa yake ni ndugu ya yangu, ila yake ina masizi ya kazi. Vikombe vilikuwa vya enameli, ukingo wa buluu, viwili vimetoboka na kuzibwa. Niliona uzuri wa chumba kile, na safari hii nilijua kuufunga mdomo wangu.

Tulimkalisha Kavutha katikati ya kochi. Alikataa plastiki itolewe. Alikaa ukingoni, kisha akarudi nyuma kidogo, kisha akaegemea kabisa, akafumba macho. Halafu Makena akapiga kigelegele, na kile kilikuwa cha kweli.

Tulipokuwa tunaondoka Kavutha alinifuata nje. Alikuwa ameshika kistuli cha miguu mitatu, cheusi kwa mikono na moshi, upande mmoja umebonyea kwa kukaliwa.

"Hii alichonga baba yangu. Nimeikalia tangu niolewe. Sasa niko na kiti." Akanipa. "Wewe unapenda hizi. Chukua."

Nilitaka kusema siwezi. Nilitaka kusema ni kikubwa mno, ni cha baba yako. Maneno yote ya mtu mwenye kiburi yalifika kwenye ulimi wangu. Nikapiga goti kidogo, kama tunavyofunzwa kwetu, nikakipokea kwa mikono miwili.

"Lakini, Mama Hawi," akasema, "usiikwaruze."

Jumamosi, 7 Juni

Mvua imekwisha. Matope yanapasuka.

Mumbi amepita kama asiye na habari, akazunguka kabati, akauliza kama nitaliuza. Nikamwambia hata akija na lori. Ameniuliza Lesiamon anapatikana wapi, nikamwelekeza, nikamwonya juu ya kuku.

Mzee Githongo huleta wapangaji wapya waone sebule yangu kabla ya kuwaonyesha zao. Kila mmoja anauliza vitu hivi nilivipata wapi, nami nawapa hadithi, ndefu, na sipunguzi chochote: kuku, mvule, maji, msasa mara mbili. Wakifika kwenye kistuli cheusi, ambacho sijakigusa kwa msasa wala vanishi, nasema tu kwamba nilipewa na Kavutha.